Askari Wasiojua Utani

Maelfu ya siafu waliingia mdomoni mwa Mzee Mhina kwa mkupuo mmoja, naye hakuhisi kitu ila ladha ya ndimu.

Hawakuwa siafu wa porini, wale wanaomtoa mtu nyumbani kwake bila kumuuliza kama amevaa nguo. Hawa walikuwa siafu-tiba, vimashine vidogo kuliko chembe ya vumbi, vilivyosokotwa kwa nyuzi za mkonge na kutiwa akili kidogo tu, ya kutosha kujua njia ya kwenda na njia ya kurudi. Aliyewabuni alikuwa Dokta Sikudhani, binti wa dada yake mzee mwenyewe, na ndiye aliyesimama kando ya kiti siku hiyo akiwaongoza kwa ncha za vidole.

Juu ya kiti, kioo-hewa kilikuwa kimeuchora ufizi wa mzee angani, mkubwa kama ukuta wa nyumba. Jino la mbele lilisimama hapo, refu kupita kiasi. Baina ya jino na ufizi palikuwa na ufa wenye kina, ambao matabibu huuita mfuko wa ufizi, na ndani ya ufa huo ulikaa ugaga wa miaka mingi, mgumu, wa manjano, umejaa bakteria wa kila kabila. Siafu waliuvamia. Waliukata, wakaubeba, wakautoa nje mstari kwa mstari, mpaka shina la jino likang'aa.

"Subhanallah," alisema Mzee Mhina, ambaye aliruhusiwa kusema kwa kuwa siafu hawakujali. "Yote hayo nilikuwa nayo, na bado mke wangu ananisogelea?"

"Ni mapenzi hayo, mjomba. Si kila mtu anayapata."

Mzee alicheka, siafu wakayumba, wakaendelea na kazi. Nje ya dirisha treni ya waya ilipita juu ya mapaa ya Ngamiani, na chini yake watu wa Tanga walikwenda sokoni kwa baiskeli, kama walivyokwenda babu zao, ila siku hizi baiskeli zenyewe hazina magurudumu na huelea kiganja kimoja juu ya lami. Serikali ya mji ilijaribu kuwapa magari yanayojiendesha, wakakataa. Mtu wa Tanga atakubali mambo mengi mapya, lakini usimguse baiskeli yake.

Siafu walipotoka, Sikudhani alishika jino la mbele la mjomba wake kwa vidole viwili, akalitikisa taratibu. Likacheza. Alishika la pili, nalo likacheza. Alitazama juu kwenye kioo-hewa. Mfuko ulikuwa safi kabisa, lakini ufizi wenyewe ulikuwa bado mwekundu, umevimba, umechemka kana kwamba hakuna aliyeufanyia lolote.

Hii ilikuwa mara ya tatu kumsafisha, na mara zote tatu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Sikudhani alihisi uso ukimwaka. Siafu-tiba walikuwa wamemletea sifa kutoka Mombasa mpaka Kigoma, na hapa walishindwa na mdomo mmoja tu, mdomo ambao alitaka kuuponya kuliko yote.

Maana Mzee Mhina hakuwa mtu wa kukosa meno hivi hivi. Alikuwa mpiga tarumbeta. Bendi yake ilikuwa imewatoa nje mabibi harusi wa Ngamiani tangu Sikudhani hajazaliwa, na palikuwa na sauti moja ya juu, mwishoni mwa wimbo wa kumtoa bi harusi, ambayo ni yeye tu aliyeweza kuifikia. Akiipiga, hata majirani waliogombana na wenye harusi walitoka nje wakatazama. Sasa mwanawe wa mwisho, Mwanamvua, alikuwa ameposwa. Mzee alikwishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba atamtoa mwenyewe, kwa pumzi yake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka kitini. Lakini tarumbeta huegemea mdomo, mdomo huegemea meno, na meno ya Mzee Mhina hayakuwa na pa kuegemea.

"Niambie ukweli, mwanangu," alisema. "Umeua wadudu wote. Sasa nani anayetafuna mfupa wangu?"

"Ni wewe mwenyewe, mjomba."

"Mimi?"

"Askari wako." Alipanua picha, na ndani ya ufizi zikaonekana seli nyeupe za damu, nyingi kama watu wa mnadani, zikisukumana na kumwaga sumu zao huku na kule. "Huu ndio mfumo wa kinga. Bakteria wakikaa kwenye ufa, askari hawa huja kuwafukuza. Ni wema, bila wao ungekufa kwa mchubuko tu. Lakini wanapomkimbiza mwizi hawaangalii wanakanyaga nini. Wanavunja ufizi, halafu wanatoa ishara kwa seli zinazokula mfupa, nazo zinaurudisha mfupa nyuma ili uwe mbali na vita. Jino linabaki limesimama hewani. Bakteria wameanza ugomvi, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya nyumba wanaibomoa askari wako."

Mzee Mhina alijipangusa mdomo, akawaza. "Basi kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na mwizi akishaondoka, kwa nini wao wasiende zao kulala?"

Sikudhani alizima kioo-hewa. Alipendekeza kumng'oa meno yale na kumpandia mengine ya madini mepesi. Mzee alimkatiza kabla hajafika mbali.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," alisema.

Katika hilo, mithali na sayansi zilikubaliana. Sikudhani alijua kwamba askari walioula mfupa wa jino la kuzaliwa watakuja kuula na wa jino la kupandwa, huku wakilaani ugeni wake. Kwa hiyo aliingia maabara, akatoka na dawa aliyoiita Tulizo. Ilikuwa dawa ya kuwalaza askari. Hakuna askari, hakuna vita, alijiambia, na mfupa utapata nafasi ya kupumua.

Siku za mwanzo ufizi ulinywea, ukawa wa waridi, na mzee akapiga tarumbeta uani mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Kisha ulimi wake ukaota utando mweupe wa fangasi. Shavu la kushoto likavimba likawa kama ameficha andazi. Homa ikampanda, na Sikudhani akakesha kando ya kitanda chake akimpa maji kwa kijiko, akijilaumu kwa moyo wake wote. Alikuwa amewalaza walinzi, na wezi wa kweli, ambao mdomo wa binadamu haukosi kuwa nao, walikuwa wameingia kwa mlango wa mbele.

Aliiondoa Tulizo. Askari wakaamka, wakamaliza wezi, na kwa hasira zile zile wakarudi kuutafuna mfupa.

Basi ikafika siku wazee wa bwana harusi walipokuja kujitambulisha. Uwanjani kwa Mzee Mhina kulisimamishwa turubai, pilau likawekwa motoni, na mtaa ukaleta mlinzi wake mpya ili alinde vyombo na zawadi. Mlinzi huyo alikuwa mashine yenye urefu wa mlango, magurudumu matatu, mikono minne na macho yaliyozunguka kichwa kizima. Jina lake la kiwandani lilikuwa na tarakimu nyingi. Watu wa Ngamiani walimwita Afande Chuma. Kazi yake aliijua vizuri. Anayechukua kisicho chake ni mwizi, na mwizi hukamatwa.

Wageni walikuwa wameanza kunawa mikono Bibi Nyamizi alipoingia.

Bibi Nyamizi alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Mzee Mhina, Mnyamwezi, mjukuu wa wajukuu wa watu waliokuja Tanga kukata mkonge. Mzee Mhina alikuwa Mzigua. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani, kwa asiyejua, ni mtu aliyepewa na mababu ruhusa ya kukutukana msibani, kukuchukulia kitu chako harusini na kukucheka mbele ya wakwe, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna, umeharibu udugu. Bibi Nyamizi aliitumia ruhusa hiyo bila kuibakiza. Alipita katikati ya wageni bila salamu, akaingia chumbani, akatoka na tarumbeta la mwenye nyumba kwapani, akaketi nalo kizingitini.

"Hili nimeliteka!" alitangaza. "Wazigua wanaoza binti na hawana hata meno ya kumpigia. Halitoki hapa mpaka niletewe firigisi ya kuku, tena ya moto!"

"Nyie mlipita hapa na mizigo ya watu vichwani mkaomba maji," Mzee Mhina alimjibu kutoka jamvini, "mpaka leo hamjaondoka!"

"Tungeondokaje? Tuliwakuta hamjui kupika, tukawahurumia!"

Wazee wa bwana harusi walianza kucheka. Hapo ndipo Afande Chuma alipogeuza kichwa.

"Mwizi," alisema. "Weka kilichoibwa chini."

"Niweke chini mimi? Mwambie bwana wako alete firigisi."

Kilichofuata kilikwenda haraka. Afande Chuma alirusha povu la kumnasa mwizi, povu likapita juu ya kichwa cha Bibi Nyamizi likatua kwenye sinia za sambusa. Alisogea mbele, mkono wake mmoja ukang'oa mlingoti, turubai likawaangukia wazee. Aliita msaada, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa, na maafande wawili wa chuma wa mitaa ya jirani wakaja mbio wakipitia kwenye ukuta badala ya mlangoni. Sufuria kubwa la pilau lilipinduka. La pili likalifuata. Mjomba wa bwana harusi, mtu mzima mwenye heshima zake na kanzu mpya, alikalia beseni la kunawia. Ilipotulia, uwanja ulikuwa kama umepitwa na tembo, na katikati yake alisimama Bibi Nyamizi, povu limemfika shingoni, mikono miwili ameinyoosha juu kabisa, ameliinua tarumbeta la Mzee Mhina lisilowe.

"Mzimeni huyo chuma!" alipiga kelele mzee mmoja kutoka chini ya turubai.

"Hapana," alisema Mzee Mhina, akijikwamua. "Nikimzima, usiku nani atalinda vyombo? Wezi wapo, jamani. Tena wanaijua shughuli hii."

Alikwenda mpaka kwa Bibi Nyamizi, akamwekea mkono begani penye povu, akamgeukia Afande Chuma. Halafu alicheka. Alicheka kicheko chake cha siku zote, kile cha kutoka tumboni, meno mawili yakicheza mbele ya watu wote.

"Nitazame mimi, Afande. Mimi ndiye mwenye nyumba. Huyu akichukua kitu na mimi nikacheka, huyu ni mtani, mwache. Nisipocheka, kamata."

Macho ya Afande Chuma yalizunguka kichwa mara kadhaa. "Kicheko cha mwenye nyumba," alisema mwishowe. "Nimehifadhi."

Sikudhani alikuwa ameshika sahani yake yenye pilau kidogo lililookolewa. Aliitazama sufuria iliyopinduka, mlingoti uliong'oka, ukuta uliotobolewa. Mtani alikuja kutaka firigisi moja. Walinzi ndio waliomaliza karamu. Aliiweka sahani chini.

"Mjomba," alisema, "naomba ruhusa. Naenda maabara."

"Hujala!"

"Hakuna cha kula, mjomba."

Njiani baiskeli yake ilielea kasi kuliko sheria inavyoruhusu. Kosa lake sasa alikuwa analiona waziwazi, na lilimchekesha na kumtia aibu kwa pamoja. Siku zote alikuwa ameuona mdomo kama mahali penye pande mbili tu, askari na wezi. Kwanza aliwaua bakteria wote, wabaya na wema, akadhani ameleta amani. Lakini mdomo hauwezi kukaa mtupu. Katika mdomo wenye afya wamejaa bakteria wasio na madhara, majirani wa kudumu, wanaochokonoa kidogo, wanaokula makombo, wanaokalia nafasi ili wezi wasiipate. Hao ni watani. Askari wa mdomo wenye afya wanawajua na kuwavumilia. Siafu walikuwa wamewafagia wote, na kila alipokuja mgeni mpya, hata awe mpole namna gani, askari wa Mzee Mhina walimwona mwizi, wakavunja ukuta kumfuata. Na alipowalaza askari, alifanya kile ambacho mjomba wake alikikataa mbele ya wageni alipoambiwa amzime Afande Chuma.

Kazi haikuwa kuua wala kulaza. Ilikuwa kutambulisha.

Alijua kwamba seli zinazofunika ufizi, ambazo katika nyumba ile ndizo wenye nyumba, zina ishara zao za kemia za kuwaambia askari watulie. Katika ufizi uliochoka kwa vita ishara hizo hufifia. Sikudhani aliiga ishara hiyo maabara, akaiita kicheko, na akawafunza siafu wake kazi mpya. Kila siafu angemshika bakteria mmoja mpole, angempeleka mpaka mbele ya askari, na papo hapo angedondosha tone la kicheko. Mara moja haitoshi, wala mara kumi. Lakini askari wa damu hufundishika, kama Afande Chuma alivyofundishika. Bakteria mkorofi asingepelekwa na siafu wala asingepata kicheko, na huyo angekamatwa kama kawaida.

Lilibaki swali moja. Hao watani wangetoka mdomo wa nani?

Sikudhani alipima midomo ya nusu ya mtaa. Midomo mingine ilikuwa na ufizi mzuri lakini majirani wachache, mingine majirani wengi lakini wakorofi. Kisha akamkumbuka mtu mmoja anayekaa kibarazani kila jioni, umri wa bibi, akimenya miwa kwa meno yake yote thelathini na mawili.

"Unataka mate yangu?" alisema Bibi Nyamizi. "Umtilie Mhina mdomoni?"

"Si mate, bibi. Bakteria tu. Wachache."

"Wanyamwezi hao bakteria?"

"Wamezaliwa kwako, bibi. Sijui uwaite nini."

Bibi Nyamizi aliweka mua chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka mpaka Mzee Mhina akachungulia dirishani kwake kuuliza kuna nini, naye akashindwa kumjibu, akawa anamwonyesha kidole tu. Alipopata pumzi alifungua mdomo wazi kwa Sikudhani, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayefungua ghala.

Mzee Mhina alipoambiwa alinuna siku nzima, jambo ambalo kwa sheria za utani hakuwa na haki nalo. Alisema afadhali afe kibogoyo. Alisema mababu zake watageuka makaburini. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba mababu zake hawana binti anayeolewa. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kituo cha tiba cha Sikudhani.

Wiki zilipita. Kwenye kioo-hewa Sikudhani aliwaona siafu wakienda na kurudi, kila mmoja na mgeni wake, kila mmoja na tone lake. Siku za mwanzo askari waliwararua wageni. Baadaye wakawa wanasita. Kisha asubuhi moja alimwona askari mmoja mnene akimsogelea bakteria, akamgusa, akamzunguka, akapita zake. Sikudhani, mtu aliyezoea kusoma makala mbele ya maprofesa, alipiga kigelegele peke yake maabara.

Ufizi ukapoa. Wekundu ukaondoka, damu ikakoma. Meno mawili ya mbele yakaanza kushikwa.

Lakini kulikuwa na jambo alilopaswa kumwambia, na hakuna mashine iliyoweza kumsaidia kulisema. Alimketisha mjomba wake, akampa maji, akamwonyesha picha.

"Vita vimekwisha, mjomba. Kilichobaki kitakaa. Lakini mfupa ulioliwa hapa, mwingi haurudi. Meno yatakaa, utakula utakacho, utapiga. Ila usilisukume tarumbeta kwa nguvu za zamani. Ile sauti ya juu..." Alishindwa kumalizia. "Laiti ningeliona hili mapema. Nisamehe."

Mzee Mhina aliitazama picha muda mrefu.

"Sauti ile nimeipiga kwa mabinti wa watu wote," alisema. "Kwa wangu tu ndiyo nitaikosa."

Sikudhani alilia. Mzee ndiye aliyembembeleza.

Siku ya harusi, Ngamiani nzima ilikuwa nje. Turubai lilikuwa jipya, ukuta umezibwa, na Afande Chuma amefungwa kilemba. Wapishi, watu wasiosahau upesi, walisimama kila mmoja ameikumbatia sufuria yake. Mzee Mhina alitoka na bendi yake, akaliinua tarumbeta mdomoni. Na kabla hajapuliza, mkono ulitokea nyuma, ukalinyakua.

"Firigisi yangu iko wapi?" aliuliza Bibi Nyamizi. "Siku ile nililishwa povu. Deni halifi!"

Afande Chuma aligeuza kichwa. Wapishi walizikumbatia sufuria kwa nguvu zaidi, na mjomba wa bwana harusi alisogea mbali na beseni. Macho ya mashine yaliacha kumtazama Bibi Nyamizi, yakamtafuta mwenye nyumba.

Mzee Mhina alicheka.

"Mtani," alisema Afande Chuma. "Apite."

Watu walipiga makofi mpaka ndege wakaruka kwenye waya za treni. Bibi Nyamizi alilirudisha tarumbeta, akalifuta kwanza kwa upindo wa khanga yake, na Mzee Mhina akaanza kupiga.

Sauti ya kwanza ilitoka na mkwaruzo. Ya pili ikanyooka. Mwanamvua alijitokeza mlangoni, amefunikwa shela, mama zake wakimshika huku na huku, na baba yake akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akimvuta kwa wimbo kama alivyoahidi. Alipiga chini kuliko zamani, polepole kuliko zamani, na Sikudhani, aliyesimama karibu na bendi akihesabu kila pumzi, aliona kwamba midomo imetulia na meno hayakuyumba. Lakini wimbo ulikuwa unapanda. Kila aliyekulia Ngamiani alijua unakopanda. Ngazi baada ya ngazi Mzee Mhina alipanda nao, akafika chini ya ile sauti ya juu, akavuta pumzi, na akaliondoa tarumbeta mdomoni.

Palibaki pengo.

Halikudumu. Kutoka kizingitini, mtu mmoja alipiga kigelegele chembamba, kirefu, kikali, pale pale sauti ilipotakiwa kuwa, kana kwamba kilikuwa kimewekwa akiba. Alikuwa Bibi Nyamizi. Alikishika peke yake, macho ameyafumba, shingo imetoka mishipa, kisha wanawake wote wa Kizigua wakakidaka, na wa bendi, na wapishi na sufuria zao, na mwisho kabisa, ndani ya shela, akisikika wazi juu ya wote, bi harusi mwenyewe.

Majirani waliogombana na wenye harusi walitoka nje wakatazama.

Mzee Mhina alisimama akilia bila kujificha, tarumbeta limening'inia mkononi. Mwanamvua alipofika kitini, mzee alijipangusa uso, akamgeukia mtani wake.

"Mdomoni mwangu umejaza watu wako," alimwambia. "Wimbo wangu umeumalizia. Sasa mimi katika shughuli hii nimebakiwa na nini?"

"Firigisi," alisema Bibi Nyamizi, akinyoosha kiganja. "Nayo nimekuja kuichukua."